Kontena Hufa, Daftari Hubaki

Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa imebeba masanduku 58 ya chuma. Mwenye wazo hilo alikuwa Malcom McLean, tajiri wa malori aliyechoka kuona mizigo ikishushwa gunia baada ya gunia. Mwaka huohuo kampuni ya IBM ilitangaza mashine ya RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya sumaku. Diski yenyewe ilikuwa sahani 50 zilizopangwa kama chapati kwenye mhimili mmoja. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na iliweza kuhifadhi herufi milioni tano tu. Picha moja ya simu yako leo ingeweza kuijaza.

Wengi wakisimulia stori ya makontena ya kompyuta huanzia 2013. Mimi naona ianzie hapa, 1956, kwa sababu ugomvi wote ninaotaka kuueleza ni kati ya vitu hivi viwili: sanduku lisilojali limebeba nini, na diski iliyoundwa ili isisahau.

Nguvu ya kontena iko katika kutojali kwake. Kreni ya Kilindini haiulizi kama ndani mna mitumba, vipuri vya Probox au mchele. Inainua, inashusha, kazi kwisha. Likitoboka, unahamishia mzigo kwenye lingine na hakuna anayelilia. Waandishi wa programu walipolikopa neno hilo walikopa na tabia yake: kontena la programu huanzishwa, hufanya kazi, huuawa, na jingine kama hilo huchukua nafasi yake ndani ya sekunde chache. Shida ni kwamba chochote kilichoandikwa ndani yake huenda nalo kaburini.

Lakini kabla ya makontena kulikuwa na mashine pepe, na hapo lazima turudi nyuma tena. Katika miaka ya 1960, maabara ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, iliunda mifumo ya CP-40 na CP-67, iliyoigawanya kompyuta moja ghali ili kila mtumiaji adhani ana ya kwake peke yake. Tarehe 2 Agosti 1972 kazi hiyo ikatangazwa kama bidhaa rasmi, VM/370. Kila mtumiaji alipewa kipande cha diski halisi, kilichoitwa diski ndogo. Ukitaka kutumia diski ndogo ya mwenzako uliandika amri ya LINK, ukataja nenosiri, kisha ukasema unataka kusoma tu au kuandika pia. Kulikuwa na chaguo moja, MW, lililoruhusu watu wawili kuandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja. Lilikuwa la hatari, kwa sababu mifumo miwili isiyojuana ikiandika daftari moja huishia kufutiana.

Shikilia hiyo stori ya MW, tutairudia.

Mwaka 1998 kampuni ya VMware ilianzishwa Palo Alto, California, na wazo la mashine pepe likatoka kwenye kompyuta kubwa za mabenki likaja kwenye seva za kawaida. Diski ya mashine pepe ikawa faili tu. Ungeweza kuinakili, kuihamisha, kuichomoa kwenye mashine hii na kuichomeka kwenye ile. Kufikia wakati vijana walianza kuimba nyimbo za makontena, vyumba vya seva vya makampuni mengi vilikuwa tayari vimejaa mashine pepe. Hakuna mkurugenzi wa fedha ambaye angekubali zitupwe. Basi makontena yakapangishwa ndani yake.

Tofauti yao ni hii. Mashine pepe ni nyumba kamili, ina msingi wake na paa lake. Kontena ni chumba kwenye ploti: una mlango na kufuli yako, lakini tangi la maji na ukuta ni vya wote. Wazo la vyumba lina historia yake. Amri ya chroot ilikuwa tayari ndani ya Unix ya 1979. FreeBSD ilileta magereza yake mwaka 2000. Wahandisi wa Google waliandika cgroups, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2008, ili programu moja isimalize kumbukumbu ya mashine nzima. Kisha Machi 2013, Solomon Hykes alipanda jukwaani katika mkutano wa PyCon akaionyesha Docker kwa dakika chache tu. Mambo yote hayo magumu yalikuwa sasa yanafanyika kwa amri moja.

Juni 2014 Google ikatangaza Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi juu ya mashine nyingi, yaani klasta. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani wa meli. Neno hilohilo lilipitia Kilatini na kutuletea "gavana". Kwa hiyo ukimwona gavana wako akipita na msafara wake, ujue ni binamu wa Kubernetes, ingawa sitaki kusema nani kati yao anajua anakopeleka chombo.

Mshika usukani huyu alifundishwa falsafa moja kutoka Marekani: seva zichukuliwe kama ng'ombe, si kama paka wa nyumbani. Paka ana jina, akiugua unampeleka kwa daktari. Ng'ombe ni namba, akiugua unamchinja na kununua mwingine. Mimi nikisikia hivyo hucheka. Nenda Turkana au Pokot Magharibi uwaambie wazee kwamba ng'ombe hana jina. Watakutajia fahali mmojammoja kwa rangi ya ngozi na umbo la pembe, na wimbo wake juu. Falsafa hiyo ilitungwa na watu waliowaona ng'ombe wakiwa tayari kwenye pakiti za supamaketi.

Na ukweli ukawaumbua. Hifadhidata si ng'ombe wa pakiti. Ina jina, ina kumbukumbu, na ukiua nakala yake moja huwezi kuleta mgeni asiyejua kitu ukasema ni yuleyule. Katikati ya 2016 Kubernetes ikaongeza kifaa kilichoitwa PetSet, yaani kundi la wanyama wa kufugwa nyumbani. Jina lilizua ubishi, na kufikia Desemba mwaka huo likabadilishwa kuwa StatefulSet. Chini ya jina jipya kulikuwa na kukubali kimyakimya: kuna vitu vinavyostahili jina, na kila kimoja kinastahili diski yake inayokifuata kila kiendako.

Kama bado hujanielewa, fikiria M-Pesa. Simu yako ikinyakuliwa pale Globe, unalia, lakini hulilii salio. Unaenda kurudisha laini, unanunua kabambe ya elfu mbili, na pesa zako zipo. Simu ilikufa, hesabu ikabaki, kwa sababu hesabu haikuwahi kukaa ndani ya simu. Hifadhi ya kudumu kwa makontena ni wazo hilohilo: data ikae nje, kontena lije na liondoke.

Kusema ni rahisi. Sasa angalia jengo lenyewe. Kontena linakaa ndani ya mashine pepe. Mashine pepe inakaa juu ya seva ya chuma. Diski ni faili ambalo liko kwenye hifadhi ya pamoja mahali pengine kabisa. Kontena likihamishwa kutoka mashine pepe ya kwanza kwenda ya pili, lazima mtu aichomoe diski huku na kuichomeka kule. Mtu huyo ni programu, na programu hiyo lazima iongee na ulimwengu wa makontena na ulimwengu wa mashine pepe, ambazo kila moja inadhani ndiyo bosi.

Na je, mashine ya kwanza ikinyamaza ghafla? Imekufa, au ni waya wa mtandao tu umekatika na bado inaandika? Ukiharakisha kuichomeka diski kwingine, umerudi kwenye MW ya 1972: waandishi wawili, daftari moja. Ndiyo maana Kubernetes kwa kawaida husubiri dakika tano kabla ya kuamua kwamba makontena ya mashine iliyonyamaza yahamishwe, na kwa StatefulSet haikubali kuanzisha mrithi mpaka ithibitishe kwamba wa kwanza ameondoka kweli. Wahandisi wachanga hukasirika, ati mfumo ni mzembe. Lakini hata nyumbani hatugawi mirathi kabla ya kuuona mwili.

Kulikuwa na tatizo jingine, la siasa ya msimbo. Mwanzoni programu za kuunganisha hifadhi za Amazon, Google, OpenStack na vSphere ya VMware zote ziliandikwa ndani ya Kubernetes yenyewe. Mwenye hifadhi akigundua kosa kwenye sehemu yake, ilibidi asubiri toleo jipya la mfumo mzima. Na kosa la mmoja lingeweza kuwaangusha wote, kama abiria mmoja kushika usukani wa matatu. Suluhisho likaitwa CSI, mkataba wa wazi: Kubernetes inasema inachotaka (niundie diski, ichomeke hapa, ichomoe), na kila mwenye hifadhi anaandika tarishi wake mwenyewe, nje. CSI ilikomaa katika toleo la 1.13 la Desemba 2018. Mwaka uliofuata vSphere ikaanza kumwonyesha msimamizi wa mashine pepe ni kontena lipi linatumia diski ipi. Kabla ya hapo yeye aliona mafaili yenye majina marefu yasiyo na maana, na kishawishi cha kuyafuta.

Kufuta ndiko kunakonisumbua zaidi. Diski ikiundwa kwa ombi la kontena, Kubernetes huiwekea kanuni ya siku ombi lile likiondolewa. Kanuni ziko mbili kuu: hifadhi au futa. Usipochagua, aghalabu ni futa.

Nimeona matokeo yake. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni ndogo hapa Nairobi iliyotunza hesabu za vyama vya akina mama: nani ametoa, nani amekopa, zamu ya nani. Ijumaa moja jioni mtu alisafisha mazingira aliyodhani ni ya majaribio. Maombi ya hifadhi yakaondoka na diski zikayafuata. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki hizo tatu hazikurudishwa na mashine. Zilirudishwa na waweka hazina, wanawake wa Kayole na Githurai ambao hawakuwahi kutuamini kabisa. Walikuja Jumatatu na madaftari yao ya jalada gumu, yaliyoandikwa kwa kalamu mbili, bluu ya waliolipa na nyekundu ya wadaiwa. Mmoja alimwangalia bosi wetu akamwambia, "Kijana, mali bila daftari hupotea bila habari." Kisha akaketi akaanza kutusomea majina, mmoja baada ya mwingine, nasi tukichapa.

Ningependa vijana wanaojifunza kazi hii sasa wajue kwamba kila chaguo kwenye faili zao lina umri. Swali la nani aruhusiwe kuandika lilikuwepo 1972. Swali la nani ana haki ya kufuta halikumalizwa na CSI wala halitamalizwa na mkataba utakaofuata, kwa sababu jibu lake haliko kwenye mashine. Liko kwa yule anayeulizwa, kabla diski haijaundwa, vitu vilivyomo ni vya nani. Yule mama wa Githurai angejibu mara moja. Sisi tuliokuwa na klasta hakuna aliyekuwa ametuuliza.