Kutoka Kidole Hadi Picha
Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Nchi nzima ikajua kwamba ni saratani, na kwamba iligundulika mapema. Kwetu Iringa, kwenye vijiwe vya Kihesa, mjadala haukuwa wa saratani. Ulikuwa wa kidole.

Hofu hiyo ina historia. Tezi dume imejificha chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na kwa miongo mingi daktari hakuwa na jicho jingine zaidi ya kidole chake. Mwaka 1937 Astraldi, daktari wa Buenos Aires, alieleza namna ya kupitisha sindano kwenye njia hiyohiyo na kuchukua kinyama, kidole kikiongoza. Uvimbe usiogusika ulibaki humo humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Hiroki Watanabe wa Japani alibuni kiti chenye kifaa cha ultrasaundi kilichochomoza katikati. Mgonjwa anakikalia, picha ya tezi inatokea. (Vijiwe vyetu vingekijua kiti hicho, kidole kingepumzika.) Hata hivyo, saratani nyingi hazijitofautishi kwenye ultrasaundi. Ndiyo maana mwaka 1989 Hodge, McNeal na Stamey wa Stanford walipendekeza vinyama sita vichukuliwe kwa mpangilio, pande zote za tezi, badala ya kulenga doa tu. Baadaye sita vikawa kumi na viwili. Kisha ikaja MRI: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017, uliohusisha wanaume 576, ulionyesha kwamba picha hiyo ikitangulia, takriban robo yao wangeweza kuepuka sindano.

Baba mkubwa, mkulima wa mahindi Kilolo, hakuwa na habari za Stanford. Alikuwa na karatasi ya kipimo cha damu, PSA, iliyosema kiwango kiko juu.

“Damu imeshasema, mwanangu. Nyama ya nini tena? Saratani ukiichokoa inasambaa.”

Nilimjibu kwa heshima, ila sikulegeza. PSA hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzee na kwa maambukizi, kwa hiyo damu ilikuwa imeuliza swali tu. Saratani ya tezi dume kusambazwa na sindano ni jambo la nadra mno. Hatari ya kweli ni bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu, ndiyo sababu hutolewa antibiotiki.

Tukapanda basi kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Ultrasaundi iliongoza, ganzi ikachomwa, vinyama kumi na viwili vikatoka, kila kimoja chembamba kama uzi. Kungoja majibu ya patholojia kulimtesa kuliko sindano.

Tuliporudi kuyachukua, vitatu vilikuwa na saratani. Bado ilikuwa ndani ya tezi, matibabu yaliwezekana. Daktari aliongeza kwamba ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo: ndugu wa kiume nao wapime.

Basi lilikuwa halijafika Uyole alipotoa simu. Alianza na mdogo wake wa Tukuyu. Wa pili kumpigia alikuwa baba yangu.