Pwani Iliyohama: Delta ya Rufiji na Swali la Rhapta

Aghalabu mtafutaji wa mji uliopotea hufunua ramani ya leo kwanza. Desturi hii ina dosari moja: hudhani kuwa watu huhama na miji hufa, lakini pwani hukaa mahali pake daima. Delta ya Rufiji, katika nchi ya Kibiti, ni shahidi kuwa pwani nayo huhama.

Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu ya kimo chake cha leo kwa mita kadhaa. Matumbawe ya zama hizo yamesalia nchi kavu, nayo ni mawe ambayo wenyeji wa pwani na visiwa wamejengea nyumba na misikiti. Baadaye barafu ilishika sehemu kubwa ya maji ya dunia, hata yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ikawa imeshuka mita 120 hivi. Maji yaliyo kati ya delta na Mafia hayana kina hicho. Basi Mafia ilikuwa sehemu ya bara, na Unguja kadhalika. Pemba, iliyotengwa na kilindi kirefu, ilibaki kisiwa.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilirudi ikameza nchi tambarare. Kasi yake ilipopungua, yapata miaka 7,000 iliyopita, mto ulipata nafasi ya kujibu: mafuriko yalileta tope, na tope likajenga ardhi palipokuwa na maji.

Habari hizi zimehifadhiwa na mikoko. Mkoko huota mahali panapofikiwa na maji ya kujaa na kuachwa na maji ya kupwa. Haumei kilindini wala mlimani. Chavua yake ikionekana kwa wingi katika tope la kale, yaonyesha kuwa bahari ilikuwa karibu na kimo hicho, na kaboni iliyomo hutoa umri wa tope. Kwa njia hii Punwong, Marchant na Selby walichunguza delta ya Rufiji, wakatangaza matokeo yao mwaka 2013.

Hapa ndipo swali la Rhapta linapopata uzito. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, chataja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania. Ptolemy aliuweka mji huo mtoni, mbali kidogo na bahari. Mwaka 1999 Felix Chami alitangaza shanga za Kirumi zilizofukuliwa Mkukutu, Kibiti. Shanga zathibitisha biashara. Peke yake hazithibitishi mji. Asemaye kuwa Rhapta haikuwa Rufiji kwa kuwa ufuo hauna magofu, hupima zama za kale kwa ufuo wa leo, hali bandari yaweza kuwa imefukiwa na tope. Na asemaye ilikuwa Rufiji hana budi kuonyesha ufuo wa karne hiyo ulipita wapi. Hati yasimulia safari ya mgeni. Mahali alipotia nanga hapana budi paulizwe kwa tope.