Maji Hayasahau Njia Yake

Ndugu msomaji, umepata kujiuliza kwa nini Darajani paitwe Darajani, na hali daraja halipo? Jina hilo ni ushahidi. Hapo palikuwa na hori la bahari lililotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Katika karne ya 20 hori likafukiwa kidogo kidogo, hata likawa barabara na viwanja.

Lakini kuifukia bahari si kuifukuza. Masika yakimwagika, maji hurejea bondeni, kwenye makao yake ya kale. Ikisadifu bamvua, bahari huziba midomo ya mitaro. Maji machafu hurudi nyuma, yakapanda vyooni na kuingia ukumbini.

Wazee wetu waliionja tabu ya uchafu kuchanganyika na maji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akaleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba. Lakini kuleta maji safi ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kuyatoa machafu, nayo imo mikononi mwetu.

Basi kabla ya masika, zibua mtaro wa mlangoni pako. Karo likikaribia kujaa, livutwe. Maji ya paa usiyaelekeze karoni. Na atupaye taka mtaroni huko juu, ajue anamtia najisi jirani aliye chini. Jirani huyo atasali wapi?