Upande Wenye Watu

Kwenye mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, hakuna refa. Vikundi viwili vya ngoma vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake anayeongoza nyimbo, ngoma zake na dawa zake, vinasimama mbalimbali kiasi cha mtu kuweza kukimbia kutoka huku hadi kule bila kutweta, kisha vinaanza kwa pamoja. Katikati wamejaa watazamaji. Wakisikia wa kushoto wamecheka, wanakimbilia kushoto. Wakisikia kulia kumelipuka kelele, wanarudi kulia, vumbi linatimka na watoto wanakanyagana. Jua linapokaribia kuzama, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Hakuna pointi, hakuna kikombe, na hakuna wa kukata rufaa, kwa sababu kila mtu amepiga kura yake kwa miguu.

Ukisoma historia ya Shinyanga na Geita utakutana na almasi, dhahabu, pamba na ng'ombe, kwa karati, kwa wakia, kwa marobota na kwa vichwa. Kazi imeandikwa vya kutosha. Swali ambalo limekuwa likinisumbua ni jepesi zaidi: mtu wa huku akishaweka jembe chini, au akishatoka shimoni, alikuwa anakwenda wapi? Kila zama niliyoichungulia ilinipa jibu lenye sura ileile. Alikwenda mahali ambapo pande mbili zinagombania watu.

Simulizi za Wasukuma zinawataja Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wa karne ya 19 waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi ya kuvuta umati. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na hadi leo vikundi vingi vya ngoma Usukumani vinajihesabu upande mmoja au mwingine. Kiswahili kimewageuza kuwa Wagika na Wagalu. Mtu hakuingia kwa kuandikisha jina tu. Alichanjwa, akapewa samba, yaani dawa ya ngoma, na kuanzia hapo adui yake wa uwanjani alijulikana. Dawa hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuwafanya watu wakupende wewe, na kumlegeza mpinzani asahau wimbo katikati ya ubeti. Wapo watakaocheka, lakini mwimbaji yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu wasiomsikiliza anajua hofu ambayo samba iliwekwa kuitibu.

Ng'wanamalundi, ambaye nusu ya Watanzania wanamfahamu kama mchawi aliyenyoosha kidole miti ikakauka, alikuwa pia mtu wa ngoma. Masimulizi yanasema Wajerumani walimkamata wakampeleka mbali na kwao kwa kuogopa nguvu zake. Mimi nadhani serikali yoyote ngeni ingeogopa kitu cha kawaida zaidi ya kukausha miti. Hapa palikuwa na mtu asiye mtemi wala askari, na bado alikuwa anaweza kukusanya watu wengi kuliko mtemi.

Ngoma zenyewe zilitoka kazini. Bugobogobo ndiyo inayojulikana zaidi, na ukiiona leo kwenye sherehe za kitaifa, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo, unaweza kudhani jembe limewekwa kama pambo. Sivyo. Vijana wa kijiji walijiunga chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, wakaenda kulima shamba la mtu kwa mapatano ya ng'ombe au chakula, ngoma ikipigwa pembeni ili mistari isonge sawasawa. Anayechelewa anatozwa faini. Anayelegea anatungwa kwenye wimbo, na hilo lilikuwa baya kuliko faini. Mvua zikiisha na mavuno yakiingia ghalani, jembe lilelile linatoka shambani na kuingia uwanjani, sasa likiwa halina udongo, mpini umesuguliwa mpaka unang'aa. Kuna namna ya kulizungusha kwenye kiganja kabla ya kulirusha, vidole vitatu tu vikigusa mpini, ambayo hujifunzi kwenye jukwaa. Inaanzia kwenye matuta.

Wengine walikuja na kazi zao. Bagoyangi, wataalamu wa nyoka na dawa ya sumu yake, waliingia na vikapu, na chatu akawa mchezaji kama wachezaji wengine. Bununguli ilikuwa ya wawindaji wa nungunungu, watu waliozoea kuingia kwenye mashimo ya giza kumfuata mnyama mwenye miiba, wakatoka na ujuzi huo na kuufanya mchezo wa hadharani. Usisahau kwamba wanaume wa huku walikuwa wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wakienda pwani na kurudi, na waliporudi hawakubeba nguo na shanga tu. Nyimbo nazo zilisafiri vichwani.

Msimu ulianza mwezi wa sita hivi na kuendelea mpaka watu walipoanza kutazama mawingu tena. Pamba ilipokuja kuwa zao la fedha, na hasa baada ya wakulima kujenga vyama vyao vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, miezi ya ngoma na miezi ya malipo ikawa ni ileile. Shilingi ya pamba ilinunua baiskeli, na baiskeli ikaupanua uwanja. Kijana ambaye zamani alikwenda mbina ya kijiji cha jirani sasa aliweza kupanda na mchembe wa viazi mfukoni, rafiki kwenye keria, akafika mahali ambapo baba yake hakuwahi kucheza.

Na baiskeli yenyewe ikawa mchezo. Mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa hayakuhitaji mashine za Ulaya zenye gia. Phoenix nyeusi iliyobeba magunia jana inavuliwa madigadi, kengele na keria, usukani unashushwa, na leo inakimbizwa kwenye lami na mtu aliyeifunga suruali kwa raba. Shinyanga mjini, kwa miaka mingi, ukisema daladala ulimaanisha baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji nyuma, si basi. Mtu anayepata riziki kwa kukanyaga pedali kutwa nzima halafu Jumapili anashindana kukanyaga, huyo sijui tumwite amepumzika au vipi. Lakini ukimuuliza atakwambia alikuwa anastarehe.

Kanisa lilianza kwa kuiogopa mbina. Ngoma ilikuwa na dawa ndani yake, na dawa ilikuwa jambo ambalo wamisionari hawakutaka kulisikia. Aliyegeuza mambo ni padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyejenga kituo chake Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na baadaye akaanzisha hapo makumbusho ya Wasukuma. Badala ya kuwafukuza Bagika na Bagalu aliwaita. Sikukuu ya Ekaristi mwezi wa sita ikawa Bulabo, na baada ya maandamano ya Sakramenti uwanja ukaachiwa pande mbili zishindane kama kawaida, siku baada ya siku. Yaani padri naye aliingia kwenye mashindano ya kuvuta watu, na alijua kabisa anachofanya.

Wakati huohuo, Mkanada mwingine alikuwa anajenga starehe ya namna nyingine kabisa upande wa Shinyanga. John Williamson, mwanajiolojia, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Ndani ya miaka michache mgodi ukawa mji ndani ya uzio: shule, hospitali, uwanja wa ndege, klabu na viwanja vya michezo. Mwaka 1947 ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, ikaenda London kuwa zawadi ya harusi ya Princess Elizabeth. Williamson alifariki mwaka 1958. Kwa wafanyakazi na watoto wao, kile ambacho uzio uliwaachia kwa muda mrefu zaidi kuliko almasi yoyote ni saa. King'ora kililia kazi ikaanza, kikalia tena ikaisha. Mkulima wa pamba anapumzika kwa miezi. Mfanyakazi wa Mwadui alianza kupumzika kwa jioni na Jumapili, na mchezo unaotosha ndani ya jioni moja si mbina ya wiki mbili. Ni mpira, dakika 90.

Geita nayo ilikuwa na mgodi wake mkubwa tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na baada ya hapo dhahabu ikabaki mikononi mwa mtu mwenye sururu na karai. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, watu walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, na Katoro ikafura kuwa mji. Huko saa hazikuwa na king'ora. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, fedha inaingia usiku mmoja na inataka kutoka usiku huohuo. Lisipotema, kijana anakaa wiki tatu bila kitu, na hiyo nayo ni burudani inayohitaji ustadi: karata, pool ya kukopa, na isolo, bao la Kisukuma, lililochimbwa chini kwa kisigino pale ambapo hakuna la mbao, kete zikiwa kokoto za kifusi.

Mabanda ya video ya huko ndiyo yaliyonifanya nione kwamba mbina haikufa. Mawili yakitazamana barabarani, kila moja limegeuza spika yake nje, moja linarusha mapigano ya Kichina na jingine filamu ya Kihindi, huku sauti ya mtafsiri, Lufufu au mmoja wa wenzake, ikiwasimulia watu wote kwa Kiswahili cha mtaani kana kwamba ameishi na Bruce Lee nyumba moja. Wapita njia wanasimama katikati. Wanasikiliza kushoto, wanasikiliza kulia. Halafu wanaingia.

Niseme pia kwamba nilichoeleza hadi hapa ni starehe ya wanaume kwa sehemu kubwa. Vikundi vya wanawake vilikuwepo, na vipo, na vinacheza vizuri, lakini mbina ilihitaji maji, chakula na pombe ya mtama kwa mamia ya wageni, na hivyo havikujipika. Kwenye machimbo hesabu ni kali zaidi: mama lishe na muuza baa wanaanza kazi pale mwanaume anapomaliza ya kwake.

Mwaka 2014 Shinyanga ilipeleka Ligi Kuu timu ambayo jina lake linaeleza kila kitu. Stand United, Chama la Wana, ilianzia kwa vijana wa stendi ya mabasi, mahali ambapo wapiga debe wanaishi kwa kumvuta abiria aliyekuwa anaelekea basi la mwenzao. Sijui kama kuna kazi nyingine ya mjini iliyo karibu zaidi na ya manju. Mwaka uliofuata Mwadui FC nayo ikapanda, na Shinyanga ikawa na pande mbili tena: stendi na mgodi, Uwanja wa Kambarage na uwanja wa Mwadui. Yanga iliinama mbele ya Stand pale Kambarage 1-0 Septemba 2016, na tena 1-0 Januari 2019 ikiwa haijafungwa kwenye ligi msimu huo. Katikati ya hayo Stand yenyewe ilipasuka, mwaka 2016, kati ya waliotaka iendeshwe kama kampuni na waliotaka ibaki ya wanachama, wakati huo fedha za udhamini zikitoka kwa Acacia, waliokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mzee mmoja aliniambia timu isiyo na pande mbili si ya Wasukuma. Msimu wa 2018/19 ikashuka. Mwadui ikashuka mwaka 2021.

Mwaka huohuo Geita Gold ikapanda, timu ya halmashauri ya mji yenye mgodi mpya wa kisasa mgongoni. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Mwaka 2024 nayo ikarudi chini. Ukanda huu unapandisha timu kama duara linavyotema: ghafla, kwa wingi, halafu kimya.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko ilikuwa mwezi wa saba, kwenye mnada, mahali pa ng'ombe, mitumba na nyama choma. Nilikuwa nimesimama kwa kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi, spika mbili kubwa juu ya meza, wimbo wa Bhudagala Mwanamalonja ukilia hadi meza inatikisika. Alikuwa amekusanya watu kama 40. Hatua chache kutoka hapo mzee wa bagoyangi aliweka kikapu chini na kukaa kimya karibu nacho, bila ngoma, bila kipaza sauti. Hakukifungua. Alikiinamia tu, akaweka sikio juu ya kifuniko kana kwamba anaambiwa siri, kisha akatikisa kichwa kukataa. Mtu mmoja akacheka. Wengine wakageuka. Kijana wa flashi akaongeza sauti, nami nikawa namuuliza bei ya nyimbo 100, kisha nikagundua kwamba hanijibu kwa sababu sikuwa tena mbele ya meza yake. Nilikuwa nimeshavuka, niko mstari wa pili, natazama kikapu.