Feni ya mkanda na feni ya umeme

Pwani bado kuna wanaosema panka, neno la asili ya Kihindi, ila kwenye gari neno feni limeshinda. Gereji, hata hivyo, feni peke yake haitoshi. Mafundi husema feni ya mkanda na feni ya umeme, na majina hayo nayapenda kwa sababu yanataja kinachoizungusha.

Feni ya mkanda huifuata injini. Injini ikienda mbio, nayo mbio. Injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole gari limesimama kwenye foleni, nayo hulegea, wakati ule ule ambapo hakuna upepo wa barabarani unaopita kwenye rejeta. Hapo ndipo mshale wa joto hupanda. Feni ya umeme ina mota yake. Husubiri maji yafike joto fulani, mara nyingi zaidi kidogo ya nyuzi 90, kisha huwaka kwa kasi isiyotegemea injini, hata gari likiwa limesimama.

Kwa hiyo fundi akisema “tutoe ya mkanda, tuweke ya umeme”, mwenye gari asisikie feni tu. Asikie pia sensa, rilei, fyuzi, waya mnene na altaneta inayoweza kubeba mzigo huo. Anayeiunganisha kwenye swichi ya dashibodi bila rilei anakaribisha moto.

Na umeme hauulizi kama injini inanguruma. Feni hii yaweza kuwaka gari likiwa limezimwa, basi chomoa waya wa betri kabla hujaingiza mkono.