Huyo Siyo Siti

Bibi yangu alisikiliza kwa kama nusu dakika hivi, kisha akaniambia, "Zima. Huyo siyo Siti. Huyo mwanamume."

Nilikuwa nimetumia miezi mitatu, na sehemu nzuri tu ya mshahara, kuifikia nusu dakika ile.

Santuri yenyewe ilikuwa ya mama yake bibi, Tanga. Sahani nyeusi, nzito, yenye ufa mdogo pembeni, na kwenye lebo yake mbwa anasikiliza gramafoni. Bibi aliifunga kwenye khanga akaiweka chini ya sanduku la nguo siku springi ya gramafoni ya mkono ilipokatika, na hajaisikia tena kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka jana alianza kuchanganya majina yetu wajukuu. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili halingojei.

Wapenzi wengi wa fasihi tunamjua Siti binti Saad kupitia kwa Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake. Yaani tunamsoma kuliko tunavyomsikia. Lakini Siti hakujua kusoma wala kuandika. Alichotuachia mwenyewe ni sauti. Mwaka 1928 yeye na wenzake wa Unguja walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya His Master's Voice, na santuri zile zikasambaa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Bibi alikuwa bado mtoto, lakini sauti ile aliijua kama anavyoijua adhana ya msikiti wa mtaani kwao.

Basi nikaanza kuokoteza vyombo. Amplifaya ilikuwa ya marehemu mjomba, ya Kijerumani, ya miaka ya 1970, nzito kama gunia la saruji. Mashine ya santuri niliipata kwenye duka la mtumba Dar es Salaam, imetoka Japani, inazungusha 33, 45 na 78. Spika niliazima kwa jirani. Nilidhani kazi iliyobaki ni kuchomeka waya tu.

Kwanza, waya haukuchomeka. Mashine ya Kijapani ilikuwa na vijeki viwili vya duara, aina ya RCA, ambavyo asili yake ni kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America. Amplifaya ya Kijerumani ilikuwa na tundu moja lenye vishimo vitano, la DIN, yaani la taasisi ya viwango ya Ujerumani. Kwa miongo kadhaa viwanda vya Ulaya vilishikilia lao, na Wamarekani na Wajapani wakashikilia lao. Ugomvi wao ukaja kuishia sebuleni kwetu. Fundi mmoja Kariakoo, mzee wa makamo, aliukata waya, akalehemu plagi mpya: kishimo cha kati ardhi, namba 3 na 5 sauti za kushoto na kulia. Dakika kumi tu.

Nikarudi nyumbani, nikawasha. Sauti ikatoka kama ya mbu ndani ya chupa. Nikarudi kwa fundi.

"Kijana, hii amplifaya inangoja sindano ya fuwele," akaniambia. "Yako ni ya sumaku." Sindano ya fuwele hutoa mamia ya milivolti. Ya sumaku hutoa kama 5 tu, na lazima ipitie kwanza kwenye kikuzaji chake. Akaniuzia kikuzaji kidogo. Tena akanionya nisiiguse santuri ya bibi kwa sindano ya LP. Mfereji wa santuri za 78 ni mpana karibu mara tatu, kwa hiyo sindano nyembamba huzama chini kabisa na kukwaruza uchafu badala ya kugusa kuta zenye sauti. Nikaagiza sindano nene. Wiki tatu nyingine zikapita.

Sasa unaelewa kwa nini lile neno "zima" liliniuma.

Lakini bibi alikuwa sahihi, na aliyethibitisha ni ule ufa. Kila sahani ilipozunguka, sindano ilipita juu ya ufa na kusema "tak". Usiku ule nilikaa na simu nikihesabu. Kwenye santuri ya 78 ningepaswa kusikia "tak" 78 kwa dakika. Nilisikia 65.

Japani ina umeme wa aina mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya Kijerumani ya hezi 50, Osaka ikanunua ya Kimarekani ya hezi 60, na mpaka leo nchi imegawanyika hivyo. Mashine yangu ilikuwa ya upande wa Osaka. Nilikuwa nimenunua transfoma ya kushusha volti 230 zetu ziwe 100, nikajiona nimemaliza. Kumbe transfoma hushusha volti tu, hezi haizigusi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota ya aina ile hufuata hezi. Gawanya 78 kwa 60, zidisha kwa 50: unapata 65. Wimbo wa dakika tatu unakuwa wa dakika tatu na sekunde 36, na sauti ya mwanamke inashuka mpaka inakuwa ya mwanamume.

Mkereza vyuma alinichongea puli mpya, nene kuliko ya zamani kwa moja ya tano. Nikahesabu tena: 78.

Bibi akakaa kwenye kiti chake, miguu juu ya mkeka. Safari hii hakusema zima. Akasema, "Ndiye. Lakini kama amefunikwa blanketi."

Na hilo nalo lina historia yake. LP ilikuja mwaka 1948, na mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kilipitisha kanuni moja: wakati wa kuchonga santuri, besi ipunguzwe na sauti nyembamba zipandishwe. Kikuzaji cha msikilizaji hufanya kinyume chake, mambo yakawa sawa. Santuri za 1928 hazikujua kanuni hiyo. Kikuzaji changu kilikuwa kinashusha sauti nyembamba ambazo hakuna aliyezipandisha. Nikawa nageuza vitufe, bibi akiniongoza kwa kidole: "Ongeza. Punguza hiyo ngoma. Rudi kidogo. Hapo."

Nikaweka alama za penseli kwenye vitufe. Tangu siku ile nikisikia rekodi za zamani kwenye intaneti huwa najiuliza: waliiweka mwendo gani? Kwa sindano ipi? Ni nani aliyewaambia "hapo"? Rekodi inaweza kuwa imehifadhiwa vizuri kabisa huku anayeimba ndani yake siye, na sisi tuliozaliwa baadaye tusijue, tukaandika makala kuhusu "sauti nzito ya Siti". Mimi mwenyewe ningeandika. Nilikuwa na puli mbovu na shahada ya chuo kikuu. Bibi alikuwa na masikio.

Tulipomaliza, bibi akaomba aishike santuri. Akaipitisha kidole pembeni, penye ufa.

"Huu niliufanya mimi," akasema. "Niliiangusha kwenye kizingiti. Mama alikufa anadhani ni paka."

Hakuwahi kumwambia mtu. Nimeiandika hapa kwa ruhusa yake, na ndani ya khanga nimeweka karatasi: mwendo 78, sindano nene, alama za vitufe, ufa wa kizingiti cha Tanga. Kama nyumbani kwenu kuna santuri na kuna mzee anayeikumbuka, usianze na kununua mashine kama nilivyofanya. Kaa naye kwanza umuulize sauti ilikuwaje.