Njia ya Pullman: Wakimbiaji wa Kenya katika vyuo vya Marekani

Wakenya walianza kuonekana katika riadha ya vyuo vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndio wakati ambapo ndege za wanafunzi zilizofanikishwa na Tom Mboya, ya kwanza ikiwa na abiria 81 mnamo Septemba 1959, zilikuwa zikiwapeleka vijana masomoni ng'ambo. Stephen Machooka alikimbia mbio za nyika akiwa Chuo Kikuu cha Cornell. Alikuwa mmoja wa wachache, kwani makocha wa huko walikuwa bado hawajaitazama Kenya kama nchi ya wakimbiaji.

Olimpiki ya Mexico City ya 1968 ilibadili hali hiyo. Baada ya Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott kurudi na dhahabu, vyuo vilianza kuwatafuta Wakenya. Robert Ouko na Julius Sang walikwenda North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi mjini Durham, wakanolewa na kocha Leroy Walker. Mwaka 1972 mjini Munich wawili hao walikuwa nusu ya timu iliyotwaa dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 katika michezo hiyo, alisoma Eastern New Mexico.

Kilichowavuta ni ufadhili. Riadha ya wakati huo ilikuwa ya ridhaa na mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa kwa kukimbia. Jeshi, polisi na magereza yalimpa ajira na nafasi ya kufanya mazoezi. Chuo cha Marekani kilimlipia karo, malazi na chakula, kikampa mashindano msimu mzima na, akijitahidi darasani, shahada. John Bale, mwanajiografia wa Uingereza aliyechapisha kitabu kuhusu uhamaji huu mwaka 1991, anaeleza jinsi vyuo vichache tu vilivyojijengea mikondo ya kudumu kutoka Afrika, aliyetangulia akimvuta aliyebaki nyumbani. Viwili vilivuma kuliko vingine: Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, chini ya kocha Ted Banks, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington katika mji mdogo wa Pullman, kwenye mashamba ya ngano, chini ya John Chaplin.

Novemba 1976, mjini Denton, Texas, mvutano uliokuwa ukichemka chini kwa chini ulitoka hadharani. Katika fainali ya mbio za nyika ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Henry Rono wa Pullman alishinda, Mkenya mwenzake wa chuo hicho Samson Kimobwa akawa wa pili, na Craig Virgin, Mmarekani aliyekuwa bingwa mtetezi, akaambulia nafasi ya tatu. Ubingwa wa timu ulikwenda El Paso, ambako wageni walikuwa ndio nguzo. Manung'uniko yalihusu umri. Rono alikuwa na miaka 24 na alikuwa amepitia jeshini, ilhali Mmarekani wa mwaka wa kwanza huwa na miaka 18 hivi. Malalamiko hayo hayakukosa msingi kabisa, ila walioyatoa walisahau upesi kwamba kijana wa Nandi hakuanza shule wala kuimaliza kwa ratiba ya mtoto wa Illinois.

Mahakama zilikuwa zimekwisha kuligusa suala hilo. Chuo Kikuu cha Howard kilivuliwa ubingwa wa soka wa 1971 kwa sababu zilizowahusu wachezaji wake wa kigeni, kikaenda mahakamani. Mwaka 1975 mahakama ya rufani ya Washington, D.C., ilisema kwamba kanuni iliyompunguzia mgeni peke yake miaka ya kucheza ilikuwa ya ubaguzi. NCAA ikarudi na kanuni iliyowahusu wote: kila mwaka wa mashindano baada ya kutimiza miaka 20 na kabla ya kujiunga na chuo ungehesabiwa kama mwaka uliokwisha kutumika. Safari hii mahakama ziliikubali, ingawa kila mtu alijua itawabana kina nani.

Wakati wakubwa wakibishana, vijana walikuwa wakivunja rekodi. Juni 1977 mjini Helsinki, Kimobwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27:30.5. Mwaka uliofuata Rono alifanya jambo ambalo halijarudiwa. Aprili 8, mjini Berkeley, alikimbia mita 5,000 kwa 13:08.4, Mei 13, mjini Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4, Juni 11, mjini Vienna, alimpokonya Kimobwa rekodi yake kwa 27:22.5, na Juni 27, mjini Oslo, mita 3,000 kwa 7:32.1. Rekodi nne za dunia katika siku 81, mbili za kwanza akiwa katikati ya msimu wa chuo. Ile ya viunzi na maji ilidumu hadi 1989, ilipovunjwa na Peter Koech, naye zao la Pullman.

Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki. Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980, na kwa taifa linalowapima mashujaa wake kwa medali, hilo lilitosha kumsukuma pembeni. Alihangaika na pombe, akafanya vibarua Marekani kwa miaka mingi, akarudi nyumbani 2019 na kufariki Nairobi Februari 2024. Sifa nyingi zilimfikia akiwa amekufa. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyesoma El Paso, alipata bahati tofauti: nchi yake ilikwenda Moscow, naye akarudi na fedha ya mita 5,000.

Fedha za zawadi zilipohalalishwa katika miaka ya 1980, wakimbiaji wengi bora waliacha kupitia vyuoni. Hata hivyo Peter Rono na Paul Ereng walitwaa dhahabu Seoul 1988 wakiwa wanafunzi wa Marekani. Sally Kipyego wa Texas Tech alishinda mbio za nyika za NCAA mara tatu mfululizo kuanzia 2006, na Edward Cheserek wa Oregon akafanya vivyo hivyo kuanzia 2013.

Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanariadha moja kwa moja, lakini viza ya mwanafunzi inambana mgeni katika ajira na malipo. Kijana anayeahidiwa fedha adai jibu la maandishi kabla ya kusaini. Na kwa kuwa Novemba 2026 inatimia miaka 50 tangu mbio za Denton, wasimamizi wa riadha ya Kenya wanapaswa kuwaenzi Rono na Kimobwa kwa majina yao.